Fundo la Kisiginoni

Kazi yangu ni kuichungulia saratani ikisafiri. Maabarani tuna kipande cha plastiki laini, kidogo kuliko kiberiti, chenye vijia vyembamba kama uzi. Upande mmoja tumepanda chembe za mshipa wa damu wa binadamu, upande wa pili chembe za saratani, na pampu inasukuma majimaji humo ndani. Tunataka kujua saratani inavyotoroka pale ilipoanzia ikahamia viungo vingine. Ukiwaeleza watu wa mtaani kwetu Shauri Moyo haya wanakwambia, sawa daktari, nipe basi dawa ya mgongo.

Jumapili moja baada ya kanisa niliamua kuwaonyesha wazazi wangu kazi hiyo kwenye simu yangu. Baba ni mchonga vinyago, twiga hasa. Mama alikuwa akimimina chai. Nikamwekea baba video: chembe nyeusi inajikunja, inajipenyeza kwenye ukuta wa mshipa, inapita, inachukuliwa na mkondo. Nilikuwa najivunia, nusura nipige makofi.

"Hiyo nyeusi mliitoa wapi?" baba akauliza.

"Kwenye wayo wa mgonjwa. Alidhani ni sugu tu."

Mama akaweka birika chini. "Mwonyeshe," akamwambia baba. "Mwonyeshe ama nimwonyeshe mimi."

Baba akavua soksi taratibu. Kisiginoni palikuwa na doa jeusi, kingo zake zimechanika, katikati pabichi lakini pamesawazishwa vizuri ajabu. Nikauliza ni nani aliyemkata. Akajibu bila wasiwasi kwamba hulipunguza mwenyewe, kwa kile kisu chembamba cha kutolea macho ya twiga, kisha anapitisha msasa.

"Ni fundo tu, mama," akasema. Huniita mama kwa kuwa nimebeba jina la mama yake. "Fundo la mti ukiliacha linaharibu kazi. Nalichonga, linarudi, nalichonga tena."

Msasa! Nilipiga kelele hadi jirani akazima redio yake asikie vizuri. Nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua, na mama akanikata jicho, maana kwetu methali hiyo husemwa matangani. Sikujali. Nilikuwa na hasira na woga kwa pamoja. Muda wote huo nimeinama kwenye darubini nikitazama wayo wa mtu nisiyemjua, na wa baba yangu umo ndani ya soksi, chini ya meza tunayolia chakula.

Nikasema kesho ni hospitali. Baba akasema kesho ana oda ya soko la Gikomba.

Saratani ya mguu ikitoroka huvimbisha kwanza tezi za kinena. Binti hampapasi baba yake kinenani, kwa hivyo nilimweleza mama pa kubonyeza, wakaingia chumbani. Nilibaki nikiomba wasikute kitu. Mama alitoka wa kwanza.

"Iko," akasema. "Ngumu, kama haragwe."

Nilikaa chini bila kuangalia kama kuna kiti. Kwa bahati kilikuwepo. Baba akaja, akaomba kuiona video tena. Aliitazama mpaka mwisho, miwani puani.

"Ikishapita ukuta hivi, nyinyi hufanya nini?"

"Tunazima pampu, Baba. Tunaanza na kipande kingine."

Akanirudishia simu, akaokota soksi yake sakafuni.

"Kesho tudamkie hospitali," akasema. "Mimi sina kipande kingine, mama."