Engabi Aliyekwenda Marekani

Niliondoka kijijini kwetu Kamachumu kwa sababu hakuna aliyenishinda kuchora, na sikutaka kuzeeka nikiandika alama kwenye magunia ya kahawa. Nchi ilikuwa imepata uhuru karibuni. Nafasi ya kusomea sanaa Marekani ilipotangazwa, niliiomba nikaipata.

Asubuhi ya safari, Tata, baba yangu, alinisindikiza hadi mwisho wa kibanja, shamba letu la migomba. Muziro wa ukoo wetu, yaani mnyama wetu wa mwiko, ni engabi, yule pongo mwenye madoa meupe. Hatumuui wala hatumli.

"Kula vyote vya huko," alisema, "lakini ukimla engabi, usikanyage tena migomba hii."

"Tata, Marekani hakuna engabi."

"Umefika huko lini?"

Kutoka Bukoba nilipanda meli hadi Mwanza, kisha treni hadi Dar es Salaam, kisha ndege. Ziwani nilitapika, angani nilikaa kama waziri.

Marekani nilipokewa na tai. Tai kwenye sarafu, tai juu ya milango ya serikali, tai kwenye picha za vita. Katika jumba la makumbusho nilimwona nyati wao, amechorwa mkubwa kuliko watu waliomwinda. Kazi yetu ya mwisho ya diploma ikawa hii: chora mnyama anayeonyesha wewe ni nani. Nami, kwa kutaka kumfurahisha mwalimu, nikachora tai.

"Kuku mzuri," alisema. Darasa zima likacheka. Akanipa wiki mbili nirudie, la sivyo ningerudi nyumbani bila diploma.

Mwisho wa wiki ya kwanza, mwenzangu mmoja alinipeleka kwao kaskazini, kwa babu yake mchongaji, wa wale waliokuwa katika nchi ile kabla ya Wazungu. Uani palisimama gogo lililochongwa dubu. Mezani ililetwa nyama ya porini. Nimeshainua kijiko, nikaona kichwa cha mnyama mwenyewe ukutani: pembe, masikio mapana, macho yaleyale ya nyumbani. Nikasukuma sahani.

"Haina chumvi?" aliuliza bibi, mke wa yule babu.

"Huyu ni ndugu wa engabi, Mama. Ukoo wetu haumli."

Babu aliweka uma chini. "Mimi ni wa ukoo wa Dubu, na dubu simli. Mbona hukusema tangu mlangoni wewe ni wa nani?"

"Mpeni maharage," bibi akasema. "Hawa watu wa koo ni kazi kuwalisha!"

Jumatatu nilimchora engabi kati ya migomba, mguu mmoja juu, anasikiliza. Mwalimu alimtazama, akatoka, akarudi na walimu wenzake watatu. Nikapata diploma, na nilikuwa wa kwanza. Sisemi karibu na wa kwanza.

Nilirudi Azimio la Arusha limekwisha kutangazwa. Lori kutoka Bukoba lilinishusha Kamachumu alasiri. Tata hakuitazama suti wala diploma.

"Ulimla?"

"Nilimkuta mezani. Sikumla."

Nikakunjua picha. Akaligusa sikio la engabi. "Huyu amesikia mbwa," alisema. "Ingia ndani."

Mwenyekiti wa kijiji, ambaye muziro wa ukoo wake ni kamongo, yule samaki wa ziwani, aliiona picha, akataka nichore ukuta wa ofisi mpya. "Ila kamongo wetu asikose!" Nikawachora wanyama wa koo zote, wamezunguka jembe moja. Wamarekani wana tai wao mmoja; mimi nilikwishajifunza kwa yule babu kwamba mtu hujitaja kwanza, ndipo akae mezani na wenzake.

Siku ya kufungua ofisi, Tata alisimama chini ya engabi tangu asubuhi, akimwambia kila aliyepita: "Huyu amekwenda Marekani, na hakuna aliyemla."