Kikohozi Kabla ya Jumatano

Rovu langu, uvimbe ule wa shingoni, lilikuwa na umri wa miaka kumi na moja nilipopewa tarehe ya tatu ya kulitoa. Tarehe ya kwanza ilichukuliwa na majeruhi wa vita walioshushwa kutoka milimani. Ya pili ilipita kwa sababu dawa ya usingizi ilikuwa imekwisha hospitalini; nchi jirani zilikuwa zimetufungia mipaka, na hata sukari tuliitafuta kwa kuulizana. Daktari hakuzungusha maneno: "Mama, yako si ya haraka." Ni kweli, haikuwa ya haraka. Lakini mwaka ule nilikuwa siwezi tena kulala chali, maana rovu lilinikaba, na ofisini, mtaa wa Rohero, nilipokuwa nikipiga chapa, wakubwa walikuwa wakiongea na shingo yangu kabla ya kuongea nami. Nilikuwa nimechoka.

Basi nikaandikiwa Jumatano. Muuguzi wa dawa ya usingizi, mwanamume mrefu asiyecheka, alinionya siku ile ile aliponiandikisha.

"Uje muzima. Ukikuja unakohoa, hatukulalishe. Na rovu kama ile, njia ya hewa tayari ni kidogo. Mi sitaki mutu anifie juu ya meza."

Nilimwahidi kama mtoto wa shule. Nikaanza kujitunza kuliko yai. Nilihama kiti ofisini ili nisikae karibu na mwenzangu aliyekuwa akipiga chafya. Nyumbani niliwakataza watoto kunikumbatia wakitoka shule, na mume wangu akaanza kunitania kwamba hata yeye sasa anahitaji kibali cha daktari.

Ila Jumamosi kulikuwa na mahari ya binti wa kaka yangu, huko Kibenga, na mimi ndiye shangazi. Kwetu shangazi wa bibi harusi hawezi kukosa, labda awe amekufa. Na mahari ile haikuwa ya kawaida. Kijana alitoka upande wa pili wa vita. Katika miaka ile hakuna aliyehitaji kuuliza upande wa pili ni upi. Watu wa ukoo wetu walikuwa wamegawanyika, wengine walikuwa wamekataa kuja, na kaka yangu alikuwa amenishika mkono mlangoni akisema, "Dada, leo wewe ndiye utatuokoa. Ukicheka, watacheka."

Wageni walifika wamechelewa, wamevuka vizuizi vya barabarani kutoka mtaa wao wa Carama, wamebeba chungu cha pombe ya mtama. Bibi yake kijana ndiye alikuwa mkubwa wa wanawake wao. Alikuwa mwembamba, amejitanda kitenge cha kijani, na tangu alipokaa alikuwa akikohoa ndani ya ncha ya kitenge hicho. Nilimwona. Nilihesabu hata mara ngapi. Kisha wakati ukafika: chungu kikawekwa katikati, mrija ukatumbukizwa, akanywa yeye kwanza, kama desturi inavyotaka, ili kila mtu aone kwamba kinywaji ni safi. Akanielekezea mrija ule ule.

Huyu msomaji wa leo atasema ningeeleza tu kwamba nina upasuaji. Mimi namwambia hakuwepo. Mwaka ule, kukataa mrija wa mtu wa upande wa pili mbele ya koo mbili kulikuwa na maana moja tu, na maana hiyo ni sumu. Binti angerudi chumbani analia na ndoa ingeishia pale. Nikapiga magoti kidogo, nikashika mrija, nikanywa. Nikacheka pia. Baadaye, kwa kuwa nilitaka asinione mkavu, nikamwambia kwamba Jumanne nitalazwa na Jumatano nitapasuliwa. Akaniombea, mkono wake wa moto juu ya mkono wangu.

Jumapili kanisani koo likaanza kuwasha. Niliimba kwa nguvu ili nijidanganye. Jumatatu asubuhi nilikohoa mara tatu kabla ya chai, na hofu ikanishika, kwa sababu nilijua maana yake: nikienda nakohoa, Jumatano inakwenda kwa mtu mwingine, nikificha, nitakufa nimelala. Ofisini nilitafuna tangawizi mpaka ulimi ukaungua. Nilijifunza kumeza kikohozi. Inawezekana, lakini machozi yanatoka, na bosi alinipa pole akidhani nimefiwa.

Dada yangu mkubwa, anayekaa Buyenzi, ndiye niliyemkimbilia mchana. Alinisikiliza nusu tu.

"Mwenye alikupatia mrija ni nani?"

"Bibi ya kijana."

"Na we ukakunywa."

"Alikunywa wa kwanza. Alikuwa na mafua, nilimwona."

"Mafua," alisema dada, kama mtu anayeonja mboga isiyo na chumvi. "Ile si mafua. Ile walikulisha kitu."

Sasa niseme jambo ambalo kwa miaka mingi nililificha. Sikumwamini. Nilijua mafua nikiyaona. Nimelea watoto watano. Lakini nilipiga hesabu yangu pale pale kwenye kiti chake. Mafua yanataka wiki nzima, nami nilikuwa na siku mbili. Sumu, kama watu walivyosema, inatoka kwa siku moja, ukitapika vizuri. Kwa hiyo nilitaka iwe sumu. Nilimwomba Mungu iwe sumu. Nilikuwa tayari kumfanya mama wa watu mwuaji ili nipate Jumatano yangu.

Dada alinipeleka kwa jirani yake aliyejulikana kwa kutapisha watu. Alinipa kikombe cha maji ya majani, meusi, machungu kupita kwinini, nikanywa chote. Nilitapika sana. Yule mama akachungulia ndani ya beseni, akatikisa kichwa, akasema imetoka. Dada alishukuru kwa sauti, ua mzima ukasikia. Tulipokuwa tukirudi nilikohoa tena, mara mbili, na hatukutazamana.

Jumanne nilifika hospitalini na kifurushi changu: shuka, glavu, nyuzi, kila kitu walichoniagiza nije nacho. Nilikuwa na midomo mikavu na kichwa chepesi. Na pale kwenye benchi la wanaosubiri, nani amekaa? Bibi wa Carama, na termosi ya uji mapajani. Alikuwa ametoka asubuhi sana ili avuke vizuizi. Akanipisha nafasi, nikakaa karibu naye, kwa sababu ningekaa wapi tena. Sikuweza kumtazama usoni.

Muuguzi mrefu alikuja na karatasi yake, akaanza kuniuliza pale pale benchini, mbele za watu, kama walivyofanya kwa wote.

"Unakohoa?"

"Apana."

"Wiki hii umekunywa dawa gani?"

"Apana, hakuna."

Akaweka kalamu chini. "Mama, macho yako imeingia ndani. Mutu mwenye hana maji mwilini, mi namujua. Dawa ya usingizi haipendi kukutana na kitu yenye haijui. Ukinificha, si mi nitabaki juu ya meza."

Niliwaza watoto wangu watano. Niliwaza shingo yangu. Halafu kikohozi kikatoka chenyewe, kirefu, nami nikasema yote haraka, nikitazama sakafu: kwamba nakohoa tangu Jumapili, kwamba jana nilikunywa majani ya kutapisha.

"Ya kutapisha nini?"

Nikasema neno lenyewe, sumu. Nililisema kwa sauti ya chini, lakini benchi ni fupi.

Muuguzi alifuta jina langu kwa mstari mmoja. Alisema nirudi nikipona, watanitafutia siku, kama dawa itakuwapo. Akaita mwanamke mwingine, aliyesimama upesi sana, nami nikamwonea wivu mpaka nikaona haya.

Bibi alikuwa ameshika termosi kwa mikono miwili. Nilimngoja atukane. Nilitaka atukane, ingenirahisishia.

"Siku ile nilikuwa na homa," alisema. "Wajukuu wakaniambia, Bibi, baki, we uko mugonjwa. Na mi nilijua nitaambukiza watu. Lakini, mutoto wangu, kama bibi ya kijana hangekuja kwenu Kibenga, nyinyi mungesema nini?"

Nilijua tungesema nini, na nilijua kwamba mimi ningekuwa wa kwanza kulisema.