Mgeni wa Namba Tatu

Usiku ule nililala kompyuta ikiwa pembeni ya mto, kazi haijaisha. Ilikuwa ni mwongozo wa mashine ya mvuke ya kutakasia vyombo vya zahanati. Hatua saba, na baada ya ile ya tatu kisanduku cha onyo: mfuniko usiguswe mvuke ukiwa ndani. Kila nilipoweka onyo, nilifunga orodha kwa alama inayoiambia kompyuta kwamba orodha imeisha, kisha nikaifungua tena chini. Kompyuta huhesabu yenyewe. Ikaona orodha mpya, ikaanza na moja. Kukawa na hatua ya pili mbili: ya kujaza maji, na ya kufungua mfuniko.

Dada Rehema, bosi wangu, alikuwa ameniambia kwamba nesi akielekezwa kwa simu arudie hatua ya pili, anaweza kuungua uso. Aliutaka mwongozo asubuhi. Kuhusu kuongezwa mkataba wangu, alisema tutaona.

Nikalala. Nikawa uwanjani, shule ya msingi, kwenye mstari wa asubuhi. Mwalimu Sijaona, aliyetufundisha hesabu na kufariki nikiwa chuo, amesimama mbele yetu na kiatu kimoja kina vumbi. Tunajihesabu. Moja. Mbili. Tatu. Mama mmoja mwenye sufuria inayofuka anaingia katikati ya mstari, anasimama. Zamu ni yangu. Natazama ule mvuke, nasema moja.

Wenzangu wanacheka. Mmoja anauliza kama chuoni nne imefutwa.

Uwanja sasa ni ofisi yetu, mstari umepita kati ya meza. Namweleza Mwalimu kwa kirefu: mama ameukata mstari, kilichokatika huanza upya, labda mtu angeniamuru tu nianzie nne. Ananisikiliza mpaka naishiwa maneno.

“Na akiongezeka mwingine kabla yako?”

Hilo nimeliwaza jioni nzima. Nne ya kuamriwa itabaki nne hata ikipaswa kuwa tano.

Mwalimu anamshika mama bega, anamsogeza hatua moja, anamsimamisha ubavuni mwa mtoto wa tatu.

“Huyu ni mgeni wa namba tatu. Mstari haujakatika.”

Nataka kumuuliza kama huko aliko hajambo. Ninachosema ni shikamoo.

“Marahaba,” anasema. “Hesabu.”

Niliamka nikisema nne. Nje kulikuwa kunapambazuka. Nikafungua kompyuta, nikaishusha alama inayofunga hatua ya tatu mpaka chini ya onyo, ili onyo likae ndani ya hatua hiyo, na orodha isifungwe mpaka mwisho. Namba zikaendelea zenyewe: nne, tano, sita, saba. Nikaongeza hatua ya uongo juu ili kujaribu, zote zikasogea. Nikaifuta.

Nikamtumia Dada Rehema mwongozo, nikakaa kitandani. Ulikuwa umepita muda mrefu bila mtu kuitikia shikamoo yangu, na marahaba ile bado niliisikia.