Kamba Inayoitangulia Mvua

Saa tano asubuhi, jua linachoma. Uani zimeanikwa shuka arobaini za zahanati, nyeupe hadi zinaumiza macho. Ghafla mota ndogo inanguruma, na kamba inaanza kutembea yenyewe, ikizivuta shuka chini ya paa.

"Haya, wazimu wake umeanza tena," anasema dobi, mikono kiunoni. "Wifi, mvua iko wapi?"

"Subiri kidogo," anajibu wifi yake, macho kwenye saa.

Huyo ndiye aliyeibuni kamba hiyo: fundi redio wa miaka thelathini na minne, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Mawingu. Mota aliitoa kwenye feni iliyokufa. Simu kuukuu iliyofungwa ukutani hupokea taarifa za hali ya hewa na kuiamuru kamba.

Mwanzoni ilimwaibisha. Taarifa zile zilipimwa uwanja wa ndege, mbali na hapa. Huko kukinyesha, kamba ilizificha nguo huku jua likiwaka. Huku kukinyesha, ilizianika zilowe. Zahanati ikamwonya dobi: shuka zikichelewa tena, kazi atapewa mwingine.

"Nililia," anasema fundi. "Kazi ile inatulisha sote, na ujanja wangu ndio ulioiponza."

Jibu lilitoka kwa shangazi yake, anayeishi nyuma ya mlima, upande mvua inakotokea. Kila akipiga simu, alilalamika kwamba amelowa. Muda si mrefu, huku nako kunanyesha. Fundi alihesabu kwa wiki sita: kutoka mvua ya kule hadi ya huku, dakika kumi na nane hadi ishirini na tano. Akapanda juu ya paa la shangazi, akafunga kopo lenye nyaya mbili. Tone likizigusa, simu ya huko huiarifu ya huku.

"Siku hizi nikirusha maji ovyo, nguo za watu zinakimbia!" shangazi anatania kwa simu.

Leo ndiyo mara ya kwanza kopo hilo kukabidhiwa shuka za zahanati.

Dakika ya kumi na tisa tangu mota ingurume, wingu linachungulia juu ya mlima. Ya ishirini na mbili, mvua inashuka kwa kishindo. Chini ya paa, shuka zote ni kavu.

Dobi anaigusa kamba taratibu, kama anayegusa paji la mtoto aliyepona homa.

"Wifi," anasema, "nimeitukana bure."

Fundi anapanga kumtengenezea kila dobi wa mtaa taa ya dirishani, itakayowaka paa la shangazi likilowa.

"Ila kwanza," anasema, "nimpelekee shangazi mwavuli."