Mkate wa Ngazi ya Nyuma

Mimi ni mlokole. Nalitanguliza hilo usije ukaniambia haya ni mambo ya mizimu, maana kanisani kwetu nakemea pepo kwa sauti kumzidi mchungaji. Lakini hili niliona kwa macho yangu haya mawili, hapa Anoka, Amerika, nikiwa kazini, kitambulisho kifuani, akili zangu timamu. Ukitaka kuamini, amini. Usipotaka, sikiliza tu, kusikiliza hakuchubui.

Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani. Januari mwaka juzi kampuni ilinipeleka kwa bibi mmoja Mgiriki wa miaka tisini, jina lake Despina. Nilimwita Mama Despina, maana kumwita mtu wa umri ule kwa jina tupu, kama wanavyofanya huku, ulimi wangu unakataa. Alikaa peke yake kwenye nyumba ndogo karibu na mto. Mwanawe yuko mbali huko kwenye majimbo ya joto, anapiga simu Jumapili.

Jumatatu ya wiki ya pili, nimetoka kwenye mapumziko yangu ya Jumamosi na Jumapili, yeye akiwa amelala, nikasafisha friji. Sheria ya kazi inasema chakula kilichoharibika kitupwe, tena uandike kwamba umetupa. Nyuma kabisa nikakuta chupa ya mdomo mpana, ndani mna kitu kizito cha kijivu kinachotoa mapovu. Nikafungua. Lo! Harufu ya pombe tupu. Nikajisemea, kumbe bibi huyu, na misalaba yote ile ukutani, anapika gongo kwenye friji! Nikaimwaga kwenye sinki, nikafuatiza maji ya moto, nikasugua chupa mpaka ikang'aa. Niamini, nilifanya kazi ile huku naimba pambio.

Alipoamka akaja jikoni na mkongojo wake, akaiona chupa imeinamishwa kwenye kitambaa ikikauka. Hakupiga kelele. Heri angepiga. Alishika kiti, akakaa, akaniuliza, "Umeitupa yote?"

"Mama, ilikuwa imeoza. Ilinuka."

"Ilikuwa inanuka kabla mimi sijazaliwa," akasema.

Ndipo akanieleza. Ile ilikuwa chachu ya mkate. Zaidi ya miaka mia iliyopita, baada ya vita, serikali ya Wagiriki na ya Waturuki zilikaa mezani zikakubaliana kubadilishana watu kama mbuzi. Wakristo wa Uturuki wapelekwe kwa Wagiriki, Waislamu wa kwa Wagiriki wapelekwe Uturuki. Hawakuuliza mtu anasema lugha gani, wala babu yake kazikwa wapi. Waliuliza anasali vipi, basi. Mama yake Despina alikuwa Mkristo wa Uturuki, hajui neno la Kigiriki, anasema Kituruki tu. Akashushwa kisiwani Krete, kwa Wagiriki, na mumewe na watoto wawili, wakapewa nyumba ya familia ya Kiislamu iliyoondolewa asubuhi ileile. Na hao walioondolewa, wewe fikiria, lugha yao ilikuwa Kigiriki!

Jikoni wakakuta beseni la mbao limefunikwa kitambaa, juu yake tawi la rihani. Ndani, unga umekandwa na umeumuka. Watoto walikuwa na njaa ya siku tatu. Yule mama akauoka, wakala, akabakiza donge moja kuwa chachu ya kesho yake.

"Aliona haya mpaka anaingia kaburini," Mama Despina akaniambia. "Alisema alilisha wanawe mkate wa wizi. Kila alipooka, mkate wa kwanza aliuweka kwenye ngazi ya nyuma, wa yule mwenye unga. Akaniachia chachu, akaniambia, siku mwenyewe akija, mrudishie, umwombe radhi. Nimekuja nayo Amerika kifuani. Kila Jumamosi naoka, na wa kwanza nauweka pale." Akanyoosha kidole kwenye mlango wa nyuma. "Sasa akija nitampa nini?"

Nilimpigia simu msimamizi wangu, dada mmoja Mkenya, mtu mzuri tu. Akasema, "Wewe ulifollow policy, my dear, usijiblame. Nunua hamira hapo store, atasahau."

Hakusahau. Jumanne alisema hana njaa. Jumatano aligeukia ukuta. Nikampikia supu, nikampikia uji, nikamsonga na maneno matamu kama mtoto mchanga. Alikunywa maji tu. Ijumaa muuguzi akaja akasema Jumatatu apelekwe hospitali, na kwa umri ule, wanaokwenda hivyo wengi hawarudi. Mimi nilijua kinachomuua. Nilikimwaga kwa mkono wangu.

Tena nilijua kwa sababu na mimi ninacho changu. Siku tuliyokimbia vita kwetu Fizi, ng'ambo ya ziwa kutoka Tanzania, nilikuwa nimeloweka mihogo, pipa zima, siku ya tatu, tayari kuanikwa. Risasi zikalia, nikambeba mtoto mgongoni, nikaondoka. Miaka kumi na moja kambini Tanzania, kisha huku Coon Rapids ninakoishi, jirani na Anoka, na bado nikifumba macho naiona mihogo ile. Nilisikia waliotufukuza waliingia nyumbani mwangu. Je, waliila? Niliomba usiku na mchana iwakwame kooni. Mlokole mzima, na ombi langu ndilo hilo.

Basi, Jumamosi nikaomba zamu, nisimwache peke yake. Januari huku, saa kumi na moja na nusu jioni jua limeshakwenda zake. Theluji nyuma ya nyumba ilifika magotini, na ule mlango hakuna aliyeutumia tangu chachu imwagwe. Nikasikia unagongwa. Taratibu, mara tatu, kama jirani aliyekuja kuomba chumvi.

Nikafungua. Mama mmoja amesimama ngazini, kajitanda mtandio mwembamba, mkononi kashika bakuli lililofunikwa kitambaa. Wazo langu la kwanza: huyu ni Mama Msomali, wamejaa huku, kapotea nyumba. La pili: mbona hatetemeki? Kwetu, mgeni usiyemjua akija jioni, unamtazama miguu, maana mzuka hujulikana miguuni. Nikamtazama miguu. Alivaa ndara, na kwenye ndara palikuwa na mchanga. Mchanga mkavu, mweupe, wa ufukweni. Nikatazama nyuma yake. Theluji ilikuwa nzima, haina alama hata ya paka.

Nilitaka kukemea. Jina la Yesu lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini yeye akawahi, na usiniulize alisema lugha gani. Masikio yangu yalisikia Kiswahili cha kwetu Fizi, ambako watu ni batu na watoto ni batoto, kama cha shangazi yangu.

"Samahani, mama. Kila Jumamosi nakuta mukate hapa pa ngazi. Leo hakuna. Nikasema niende niulize. Kuko mugonjwa?"

Ungefanya nini wewe? Mzuka anayekuja kujulia hali mgonjwa, utamkemea kwa andiko gani? Machozi yalinitoka palepale.

"Kuko mugonjwa, mama," nikamwambia. "Na ni miye nilimugonjesha. Ile chachu yako, niliitupa."

Akacheka kidogo, kicheko cha mama aliyewahi kuunguza chungu. "Ya kwangu ya kwanza na miye niliiua. Mama mukwe alinifokea mpaka jioni." Akafunua kitambaa, akamega donge, akaniwekea kiganjani. Lilikuwa la moto, na lilinukia rihani. "Umuambie huyo mama asilie. Ule unga sikuusahau. Niliuacha. Balituambia kuko batu banakuja, na batoto. Sasa batoto banaweza kungoja? Nikakanda, nikafunika, nikatoka."

Nikamwambia aingie, baridi itamuua. Ndiyo, nilimwambia hivyo, mdomo wangu huu. Alitazama jiko nyuma yangu, akalitazama sana.

"Hapana," akasema. "Nikiingia, kutoka kutanishinda."

Akageuka. Sijui ujasiri niliupata wapi, nikamwita. "Mama! Na miye niliacha mihogo kwetu."

"Uliwaachia?"

"Hapana. Nilikimbia."

Akanitazama kwa huruma mpaka nikaona aibu. "Basi haujaiacha bado," akasema. "Uiache."

Nilipofuta macho hakuwepo. Theluji ilikuwa vilevile.

Nikaingia chumbani na lile donge. Nikamweleza Mama Despina yote, neno kwa neno, hata ndara. Akalinusa, akamega kidogo kwa ukucha, akaweka ulimini. "Ndiyo yenyewe," akasema. Kisha akainua uso darini akasema maneno kwa lugha nyingine, laini, si Kigiriki nilichomzoea nacho kwenye sala zake. Nikamuuliza amesema nini.

"Nimesema na mama yangu kwa Kituruki," akajibu. "Nimemwambia haukuwa wizi. Tuliwekewa."

Alilia, nikalia, tukashikana mikono kama wafiwa na kama maharusi. Usiku huohuo alinielekeza namna ya kuilisha, unga na maji ya uvuguvugu, na Jumapili sikwenda kanisani, Mungu anisamehe, nilioka. Alikula vipande viwili na siagi. Muuguzi alipokuja Jumatatu alimkuta anamsengenya padri.

Aliishi mpaka theluji ikayeyuka na mto ukajaa. Alikwenda usingizini, kwenye kitanda chake, na chupa akaniachia mimi.

Sasa nioke au nisioke, mikono yangu hunukia rihani kila Januari. Ninuse uone, kama tutakutana. Pale kanisani niliwahi kuanza kuutoa ushuhuda huu, mchungaji akaniambia tuombe kwanza, na mpaka leo tunaomba. Binti yangu anaona donge lilikuwa limebaki kwenye mfuniko wa ile chupa. Nikiweka mkate nje anatingisha kichwa, "Mom, it's the squirrels." Sawa. Kama ni kindi wanaoula, nao wana watoto.

Ila nakuonya, wewe unayefanya kazi kwenye nyumba za watu: usitupe kitu kwa sababu tu kinanuka. Uliza kwanza ni cha nani. Na ukigongewa mlango wa nyuma, tazama miguu ukipenda, lakini fungua.

Jumamosi ya kwanza nilipooka kwangu, hapa Coon Rapids, nilitoka na mkate wa kwanza, nikauweka kwenye ngazi, nikabaki nimesimama. Neno la kuwaachia wale waliotufukuza halikutaka kutoka. Baridi ilinipiga mpaka vidole vikafa ganzi. Mwisho nikageukia upande ninaodhani ndiko Fizi iliko, nikasema kwa sauti, majirani wasikie wasisikie, "Ile mihogo, nimewaachia. Mulishe batoto kwanza."