Spika wa Njia ya Ng'ombe

Nikisikia kengele ya ng'ombe, hata kama ni mlio wa simu ya mtu kwenye foleni ya benki Nakuru mjini, mgongo wangu hunyooka wenyewe na mdomo hutaka kusema, "Utulivu, waheshimiwa!" Msinicheke. Niliwahi kuwa Spika, na nilikuwa na miaka kumi na mmoja.

Kwetu ni nje kidogo ya Elburgon, upande ule ambao ukungu wa msitu wa Mau haukuulizi kama umeanika nguo. Kati ya shamba letu na la akina Chebet kulikuwa na ukanda wa nyasi ulioteremka hadi mtoni. Kwenye hati ulikuwa wetu, ila hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kuulima. Kila jioni ng'ombe wa akina Chebet waliupitia kwenda kunywa maji, kengele ya dume la mbele ikilia, na Chebet nyuma na fimbo yake. Mimi nilimngoja penye ua wetu wa miiba ya kayaba. Shule yake ilikuwa nyingine, na kanisa lao lingine. Bila ile njia tungeonana wapi? Nilimpenda Chebet kuliko mtu yeyote wa rika langu, na sitii chumvi.

Basi Baba akarudi kutoka semina ya kilimo akiwa amewaka moto. Kwa wiki nzima hakula bila kutaja ekari. Mwishowe akatangaza kwamba ukanda ule utalimwa, upandwe viazi, na mvua zikianza tu trekta inakuja. Guka, ndivyo tunavyomwita babu, akaweka kikombe chini na kusema hapana. Wakabishana asubuhi, wakabishana jioni. Mimi sikulala vizuri. Nilikuwa nikiwaza ua wa kayaba, na upande wa pili viazi tu.

Ni Mama aliyechoka kwanza. "Mnanimaliza," akasema. "Fanyeni kama Bunge. Kila mtu aseme yake, tupige kura, halafu mtu asiniletee hiyo maneno tena jikoni."

Bunge! Hamjui neno hilo lilinifanya nini. Siku hizo nilifuata vikao vya Bunge redioni kama wenzangu walivyofuata mpira. Kabla mtu hajajibu nilikuwa nimejitangaza Spika. Nikaitoa ngozi ya kondoo kwenye kiti cha Guka na kuivaa kichwani kama wigi la Spika. Mwiko wa ugali ukawa siwa, ile fimbo ya heshima ya Bunge, na kengele ya ng'ombe wetu aliyekufa ikawa ya kunyamazisha wabunge. Ile ngozi ilinuka kondoo na tumbaku, nami nilijiona mtu mkubwa kupita wote Bonde la Ufa.

Jumamosi baada ya chai ya jioni, kikao kikafunguliwa barazani. Wabunge walikuwa wanne: Baba, Mama, Guka, na Tata Njeri, dada yake Baba, aliyekuwa akiuza viazi, waru kama alivyoviita mwenyewe, kwa malori na kuogopwa na madereva wote. Sasa, lazima mjue kwamba Guka, Mama na Tata walikuwa kitu kimoja. Redio ikitaja mabadiliko yoyote, hao watatu waliguna pamoja. Nilijua kura ni tatu kwa moja. Nilikuwa nimeshinda hata kabla ya kuanza!

Baba akafungua kwa takwimu za semina mpaka nikapiga kengele. Guka akasimama na fimbo yake.

"Hiyo njia iliachwa na baba yangu," akasema. "Hakuniambia kwa nini, na hakuwa mjinga. Wewe kijana unataka kuifunga. Sawa. Kwanza niambie aliiacha ya nini. Hujui? Basi wachana nayo. Kitu imekaa miaka hiyo yote inajua kitu wewe hujui. Kama ni lazima ubadilishe, badilisha kidogo, ungoje, uone."

Nilitaka kushangilia, ila Spika hashangilii.

Tata akainuka. "Bwana Spika..."

"Bibi Spika!" Nikapiga kengele.

"Bibi Spika, title iko na jina ya nani? Si ya brother yangu? Basi alime, asilime, apande hata mawe. Sio kazi ya kamati, sio kazi ya serikali, na Guka unisamehe, sio kazi ya marehemu. Leo mkimpangia mtu shamba yake, kesho mtanipangia bei ya waru!"

Tata alikuwa ametuuza! Guka alimtazama kama mtu aliyeona mbuzi wake mwenyewe akimlia mahindi.

Mama akasema polepole, bila kusimama. "Jirani hatukumchagua, tulipewa na Mungu. Na njia ya maji ni amana tu tumewekewa. Kuna vitu havipigiwi hesabu, wala havipigiwi kura."

"Lakini ni wewe uliitisha kura!" Baba akaruka. Hata Guka alicheka, na nililazimika kutumia kengele na mwiko kwa pamoja.

Tukapiga kura. Baba na Tata: ilimwe. Guka na Mama: ibaki. Mbili kwa mbili. Wote wakanigeukia, maana kura zikilingana Spika ndiye huamua, na jasho likaanza kunitiririka chini ya ile ngozi. Nilitafuta hoja ya maana, nikakosa. Hapo ndipo nikasikia kengele nyingine, ile ya kweli, ikiteremka. Chebet akatokea penye kayaba, akaniona, akaacha ng'ombe waende peke yao.

"We!" akapiga kelele. "Umekuwa kondoo saa ngapi?"

Nikagonga mwiko mezani. "Njia ibaki! Bunge limeahirishwa!" Nikaruka ngazi za baraza na kondoo wangu kichwani. Tulicheka mimi na Chebet mpaka mtoni. Trekta haikuja.

Miaka baadaye, chuoni Nakuru, mhadhiri alituambia kwamba uhafidhina si mtu mmoja. Kuna anayeamini kilichodumu kina hekima yake, kuna anayelinda mali na soko na hataki kuamriwa, na kuna anayeona utaratibu wote umeshikiliwa na imani. Wanaweza kula meza moja miaka mingi, akasema, mpaka siku ya jambo moja dogo. Nilicheka kwa sauti, darasa zima likageuka. Angejua nimewahi kuwapigia kengele!

Mwezi uliopita nilikwenda nyumbani na mpango wangu, maana sasa na mimi huhudhuria semina. Parachichi, bomba la maji, yote yakipita kwenye ule ukanda. Baba, ambaye sasa ana mvi na anakalia kile kiti cha Guka, hakuangalia hata mchoro.

"Hapo hapaguswi," akasema.

"Kwa nini, Baba?"

Akaniangalia bila hata kutabasamu. "Spika aliamua."

Nilitaka kumwambia kwamba Spika hakuwa na sababu, alikuwa na rafiki tu. Kisha kengele ikalia kule chini, watoto wa Chebet wakipeleka ng'ombe mtoni, na nikamfikiria baba yake Guka, ambaye hakumwambia mtu kwa nini aliiacha ile njia. Huenda na yeye alikuwa na mtu wake upande wa pili.