Watu wa Nyumbani

Wosia wa Baba ulikuwa safi. Shamba la Kitale alimwachia Mama, nyumba ya Bungoma akatuachia mimi na kaka yangu. Mahali pa kumtaja msimamizi aliandika: "Watu wa nyumbani."

Namwelewa. Hakupenda kumtaja mtoto mmoja mbele ya mwenzake. Kuku akichinjwa, firigisi, ambayo kwetu ni ya mwenye nyumba, aliikatakata ili wote tuonje.

Karani wa korti huko Kitale alisoma, akavua miwani.

"Hawa watu wa nyumbani ni nani?"

"Ni sisi."

"Korti haiwezi kumpa kazi mtu asiye na jina."

Wosia ulikuwa halali, alisema, ila hauna msimamizi. Korti ingemteua, mradi familia ikubaliane kwanza.

Haja ya Mama ilikuwa ndogo: kupanda mahindi yake mvua zikianza. Lakini jirani aliyekuwa amekodishiwa shamba na Baba alikataa kutoka, ingawa muda wake ulikuwa umekwisha.

"Heshima ni yako, mama," alimwambia. "Lakini mimi niliongea na mzee. Sasa mzee hayuko. Niletee mtu ako na karatasi."

Nikaenda Bungoma kwa kaka kuomba sahihi yake ili korti initeue mimi.

"Ati jina ni lako, mimi natia sahihi tu? Mzee aliandika watu wa nyumbani. Kwani mimi ni wa wapi, bana?"

"Si basi tuweke lako."

"Ndio mseme nimekula shamba ya mama?"

Hakukubali, hakukataa. Kila nikirudi, mara yuko Lwakhakha kununua maharagwe, mara mgongo unamuuma. Mwishowe tukaandika majina yote mawili. Likafuata tangazo kwenye gazeti la serikali, kisha kungoja kama kuna mwenye pingamizi, kisha kuahirishwa. Mvua ya kwanza ilitukuta kwenye benchi la korti, tukisikia mabati tu.

Siku tuliyopata karatasi tulikwenda shambani na Mama. Mahindi ya jirani yalikuwa yamefika magotini. Jirani aliisoma karatasi pole pole, akairudisha kwa mikono miwili.

"Kesho naleta trekta," kaka alisema. "Tunageuza yote."

Jirani akanigeukia. "Na wewe? Si mko wawili hapa?"

Nilikuwa nimechoka hata kubishana.

Mama aliinama, akang'oa gugu, akalikung'uta udongo.

"Umechelewa kupalilia," alimwambia jirani. "Palilia, uvune, halafu utoke. Nitapanda mwaka ujao."

"Mama, karatasi tunayo!" kaka alisema.

"Ikunje, isilowe."

Akaketi ukingoni mwa shamba lake, akatuuliza sisi wasimamizi kama kuna aliyebeba maji ya kunywa. Hakuna aliyekuwa amebeba.